Nyumba Inayosali na Kucheka: Mafunzo Niliyopata Musoma, Bunda na Butiama

Ukristo ulifika mkoa wetu wa Mara kwa njia nyingi. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee waliwaita Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Nyegina mwaka 1911. Wasabato wakashika Majita na Ikizu. Wamenonite kutoka Marekani wakaanza kazi Shirati mwaka 1934, na mwaka 1942 Uamsho wa Afrika Mashariki, uliokuwa umewaka Gahini kule Rwanda, ukafika hapohapo Shirati. Watu walitubu hadharani, wakarudisha vya watu, wakapatana na maadui zao. Babu na bibi zetu waliamini kwa gharama kubwa: waliacha pombe, waliacha matambiko, wengine walitengwa na koo zao. Imani iliyopatikana kwa bei hiyo haichezewi, na ndiyo maana katika nyumba nyingi nilizozijua utotoni saa ya sala ilikuwa saa ya uso mkavu. Mtoto aliyecheka alitolewa nje.

Mimi nilizaliwa kwa Wamenonite hapa Musoma, nikaolewa kwa Wakatoliki wa Butiama, na wifi yangu ameolewa Bunda kwa Wasabato. Likizo ya Desemba tukikutana, chungu kimoja kinalisha madhehebu matatu. Katika nyumba hizo tatu nimejifunza jambo ambalo nalishikilia kwa moyo wote: mtoto anakuja duniani na kicheko chake, hahitaji kufundishwa. Sisi wakubwa ndio tunaoamua kibaki ndani au kikimbilie kwa jirani. Nyumba ya Kikristo ambayo watoto wake huenda kwa jirani ili wacheke ina jambo la kushughulikia, na jambo hilo ni la kiimani kabisa.

1. Baba akiingia, nyumba ifunguke

Nchi nzima inatujua watu wa Mara kwa ukali. Jeshini tumejaa, na mtu akitajiwa Marwa au Chacha anakaa vizuri kwanza. Sifa hiyo ina heshima yake, lakini imetuzalia baba wa aina moja ambaye namwona kuanzia Nyasho hadi Kamunyonge. Akipiga hodi, redio inazimwa. Watoto wanatawanyika, mazungumzo yanakatika, na mama anaanza kuongea kwa sauti ya chini. Yeye anadhani hiyo ni heshima. Ni woga, na mtoto aliyezoea kumwogopa baba yake atahangaika sana siku atakapotakiwa kumwita Mungu Baba na kumaanisha.

Baba watoto wangu ni mtu wa maneno machache kazini. Jioni akifika mlangoni anageuka kuwa konda. “Bweri, Makutano, Kiabakari, Bunda! Bunda wawili, Bunda wawili tunaondoka!” Kochi letu kubwa ndiyo Hiace. Watoto wanagombea siti ya dirishani, ambayo kwa kweli ni upande wa ukutani, wanabanana wanne mahali pa watatu kama ilivyo desturi ya njia ile, na kitinda mimba ndiye suka, kashika sinia la kuchambulia mchele kama usukani. Konda anapita akidai nauli. Pesa haipokelewi. Kila abiria analipa kwa habari moja ya siku yake, na asiye na habari anashushwa Makutano asubiri gari la nyuma.

Safari nzima haizidi muda wa maji ya ugali kuchemka. Lakini ndani ya gari hilo nimesikia mambo ambayo swali la “shuleni vipi?” lisingeyatoa hata kwa kubembeleza. Siku moja binti yetu alilipa nauli kwa kusema kwamba rafiki yake hataki tena kukaa naye dawati moja. Kelele zikaisha. Konda akaketi kando yake, na gari likasimama palepale Kiabakari mpaka habari ikaisha yote, pamoja na machozi yake. Halafu suka akauliza kama anaruhusiwa kuondoa gari.

Akina baba wengi wataniambia wanarudi wamechoka. Nawaamini. Lakini uchovu hauhitaji maneno makali. Mtu aliyechoka anaweza kuketi akawaacha watoto wamvue viatu na kumcheka soksi yake iliyotoboka. Hiyo nayo inatosha.

2. Biblia ina vichekesho vyake, tusiwafiche watoto

Tunawasomea watoto Maandiko kwa sauti ya tangazo la msiba, kisha tunashangaa wanasinzia. Na Maandiko yenyewe yamejaa watu wa kuchekesha! Sara kajificha nyuma ya mlango wa hema, anasikia kwamba atazaa uzeeni, anacheka; akiulizwa anakana, na anaambiwa wazi kwamba alicheka. Balaamu anabishana na punda wake, na punda ndiye mwenye hoja. Yona ananuna kwa sababu mmea uliomkinga na jua umekauka. Eutiko anakaa dirishani kumsikiliza Paulo, mahubiri yanaingia usiku wa manane, usingizi unamchukua, anaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Aliokotwa amekufa, lakini akarudishiwa uhai, ashukuriwe Mungu, kwa hiyo tunaruhusiwa kutabasamu.

Ninayempenda kuliko wote ni Roda, msichana wa Matendo sura ya 12. Petro katolewa gerezani na malaika, anakuja kubisha hodi nyumbani kwa Mariamu, mama yake Marko, ambako kanisa limekusanyika linamwombea. Roda anaitambua sauti yake. Kwa furaha anasahau kufungua, anarudi mbio ndani kuwaambia. Wao wanamwambia ana wazimu. Fikiria: wameomba, wamejibiwa, wanabishana kama wamejibiwa, na jibu lenyewe liko nje linagonga mlango. Nikiisoma habari hii kwa watoto, kuna mmoja lazima apige kelele, “Mfungulieni jamani!”

Kutoka hapo tulianza desturi ambayo sasa ndiyo uti wa mgongo wa ibada yetu ya jioni. Baada ya somo na kabla ya sala ya kufunga, tunategana vitendawili. Sharti ni kwamba mtegaji atunge mwenyewe, na jibu litoke katika Biblia.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Nilimezwa bila kutafunwa.”

Hicho wote wanakijua, wanapiga kelele “Yona!” hata kabla hakijaisha. Wanapanda daraja: “Punda wangu aliona kabla yangu.” “Nilisinzia mahubirini nikaamkia chini.” “Nilifurahi mpaka nikamwacha mgeni nje.” Tukishindwa, mtegaji anadai mji, na hapo ndipo vurugu inapoanza. Ukimpa Bunda anakataa, Bunda alikwenda juzi kwa shangazi. Ukimpa Mwanza anaomba muda wa kufikiri. Dar es Salaam anaipokea, anaanza kujisifu alivyokula na kunywa huko, na sisi tunasubiri jibu huku mboga ikipoa.

Kuna waumini walioniuliza kama hapo hatulichezei Neno. Ni swali la haki, na sikulijibu haraka. Paulo aliwaonya Waefeso juu ya maneno machafu na ya upuzi, nami onyo hilo nalishika. Nyumbani kwetu jina la Mungu halitumiki kwa mzaha, na msalaba hautegewi kitendawili. Lakini hakuna mtoto anayeweza kutega asichokisoma. Kifungua mimba wetu alipoona sisi wote tunamweza, alijifungia na kitabu cha Waamuzi, akakisoma chote, akarudi na Egloni, mfalme mnene ambaye upanga ulimzama pamoja na mpini wake. Tulishindwa, tukampa Arusha. Ni mahubiri yapi yangemfanya mvulana wa umri ule asome Waamuzi kwa hiari?

Kuna sheria nyingine ndogo ya ibada hiyo: mtoto hakemewi kwa alichomwambia Mungu. Tukiwa Butiama, kitinda mimba alipewa zamu ya kuomba. Alishukuru kwa chakula, akawaombea wagonjwa, kisha kwa sauti ileile akamwomba Bwana amguse mbuzi wa bibi aache kula kanga zilizoanikwa. Wote tulijikaza mpaka Amina. Bibi ndiye aliyevunja kimya. “Mungu amesikia,” alisema, “sasa mbuzi naye asikie.”

3. Utani wa babu, bibi na wajukuu ni hazina ya nyumba

Kwa makabila mengi ya nchi hii mjukuu ni mtani wa babu na bibi yake, na Butiama bado jambo hilo lina nguvu. Mama mkwe wangu anamwita binti yetu “mke mwenzangu”. Asubuhi moja alimkuta amekaa kizingitini. “Mke mwenzangu, zamu yangu iliisha jana. Leo bwana wetu atakula nini?” Binti, ambaye wakati huo hata sufuria ya uji hawezi kuiinua, akashika kiuno: “Meno yenyewe yamebaki mawili, mkorogee uji.” Babu alikuwa chini ya mwembe anasikia. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Maneno hayo mimi nisingethubutu kuyatamka mbele ya baba mkwe. Adabu ya mkamwana hairuhusu, na naipenda adabu hiyo. Uzuri wa mpango wa wazee wetu uko hapo: wazazi wanashika nidhamu, babu na bibi wanashika utani, na mtoto anakua akiwa amepata vyote viwili. Nimewahi kumsikia mhubiri akisema utani wa “mume wangu” na “mke mwenzangu” haufai kwa waliookoka. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Mtoto anayejibizana na babu wa miaka themanini bila hofu na bila utovu wa adabu anajifunza kuzungumza na mkubwa kwa uhuru, na uhuru huo atauhitaji akipiga magoti.

Jioni babu anatandika bao. Ni bao la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64, na mjukuu wake wa kiume ndiye mpinzani. Babu anacheza kwa mdomo zaidi ya mikono. Akiona njia ya kula nyumba ya mwenzake anatangaza mapema, “Umekwisha, mwiteni padre aje na mafuta!” Mvulana anahesabu kete kwa macho, jasho linamtoka, na siku akishinda yeye ndiye anayezunguka uani akiuliza padre amefika wapi. Usiku, mikono ileile ya babu iliyosambaza kete inashika rozari, na mvulana aliyekuwa anamtania anaitikia Salamu Maria pembeni yake. Sijawahi kuona kimoja kikikipunguzia kingine.

Na Butiama huwezi kuzungumzia bao bila kumtaja Mwalimu. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa hapo mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943, akafunga ndoa na Mama Maria hapa Musoma mwaka 1953. Alikuwa mtu wa Misa ya kila siku. Uzeeni aliziweka Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma likafungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri. Mtu huyohuyo alipenda bao, na alicheka kwa mwili mzima. Tafuta hotuba yake ya Mei Mosi ya mwaka 1995 kule Mbeya usikilize. Anasema mambo mazito kabisa kuhusu rushwa na ukabila, na uwanja unavunjika mbavu. Ninapowasikia vijana wakisema kwamba mcha Mungu wa kweli lazima awe na uso uliokunjwa, huwa nawaambia wapande gari wakashuke Mwitongo, lilipo kaburi lake, na wawaulize wazee wa pale.

4. Furaha haingoji mfuko ujae

Hili nililijifunza kwa majirani zetu wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za betri na sola, na zinafanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukishakuwa mpevu mwanga unasambaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inavutwa pwani. Siku hizo akina baba wako nyumbani na pesa haipo. Katika nyumba nyingine ndio msimu wa ugomvi.

Mama mmoja jirani yetu aliamua kwamba kwake usiku wa mbalamwezi ni wa watoto wa mtaa. Anachemsha viazi vitamu, anatandika mkeka uani, mwezi wenyewe ndiyo taa. Mume wake, mzee wa kanisa katika kanisa la Africa Inland, anasimulia. Mimi na wangu hualikwa. Usiku mmoja alisimulia Luka sura ya 5, Petro aliyevua usiku kucha bila kupata kitu, na alisimulia kama mtu aliyewahi kurudi mikono mitupu. Alituonyesha Petro anavyoosha nyavu kwa hasira, anavyozipiga kwenye jiwe, anavyowakaripia wanaomuuliza kama amepata. “Mtu aliyekwisha kuosha nyavu,” alisema, “usimwambie habari ya kurudi majini. Hata Petro alikubali kwa sababu ya aliyemwambia tu.”

Kisha akauliza: samaki walipojaa, kwa nini Petro na wenzake waliwapungia mkono washirika wao wa chombo cha pili badala ya kuwaita kwa sauti? Hakuna aliyejua. “Mvuvi mwenye samaki hapigi kelele,” akanong’ona, “pwani nzima itasikia!” Wanaume wote waliokuwepo waliangua kicheko, maana ilikuwa siri yao wenyewe. Nimesoma vitabu kadhaa vya ufafanuzi wa Injili. Hakuna kilichonieleza mstari ule namna hiyo.

5. Kicheko kisimwache mtu mmoja nje

Si kila kicheko ni furaha. Kuna kinachomvua mtu nguo mbele ya wenzake, na nyumbani ndiko kinakoumiza zaidi kwa sababu hakuna pa kukimbilia. Mtoto ameitwa “bonge” na kaka zake mpaka anakula kwa kujificha. Mwingine anaitwa jina la kilema chake, na wazazi wanasema ni utani tu.

Likizo moja alikuja mtoto wa ndugu mwenye kigugumizi. Alipopewa zamu ya kusoma zaburi, wenzake wakaanza kukonyezana. Mama mkwe hakumkemea mtu. Alisema leo zaburi zote zinaimbwa, na akaanza mwenyewe kuuimba mstari wa kwanza kwa sauti aliyoibuni papo hapo, mbovu kwelikweli. Zamu ikapita, kila mmoja akiimba mstari wake kwa sauti yake, wengine kama kwaya, wengine kama muuza samaki wa mnadani. Ilipomfikia yule kijana aliimba mstari wake wote moja kwa moja, bila kukwama, kwa kuwa wengi wenye kigugumizi hawakwami wanapoimba. Watoto walicheka, naye alicheka kuliko wote. Kuanzia siku hiyo kipimo chetu ni kimoja: anayechekwa anacheka? Kama hacheki, tunaacha.

6. Furaha huandaliwa kabla ya jua kutua

Wifi yangu anaishi Bunda mjini, si mbali na mlima wa Balili. Nyumba yake siku ya Ijumaa ni ya kuangalia. Sabato inaingia jua likizama, kwa hiyo kila kitu kina saa yake: nguo zimepigwa pasi, viatu vimepangwa mlangoni kwa ukubwa, chakula cha kesho kiko jikoni tayari, ndoo za maji zimejaa. Nilitegemea kukuta wasiwasi na makelele. Nilichokuta ni shemeji yangu, mume wake, amesimama uani na mwiko mdomoni, anatangaza mpira. “Tunaingia dakika za lala salama! Mkubwa na ndoo yake, anampita mdogo wake, anaelekea bafuni, hatariii!” Watoto wanakimbizana kumaliza kazi kabla jua halijagusa upande wa ziwa. Likigusa, mtangazaji anaweka mwiko chini, anafuta mikono, na wanaanza kuimba. Kutoka mpira hadi nyimbo za Bwana hapakuwa na mpaka niliouona.

Wifi aliniambia, “Wifi, watoto hawawezi kuifurahia Sabato ambayo mama ameingia nayo akiwa amenuna.” Nyumba za Jumapili tuna la kujifunza hapo. Asubuhi ya Jumapili kiatu kimoja hakionekani, shati halina kifungo, mtu anapigwa kofi njiani, na familia inafika kanisani kuimba habari za amani. Siku hizi viatu vyetu vinapigwa rangi Jumamosi jioni, na baba watoto anautangaza mchezo huo pia, ingawa wanasema hamfikii mjomba wa Bunda.

7. Hata msibani

Mama yake shemeji alipofariki tulikwenda kumzika kijijini, wilayani Bunda. Alikuwa ameishi miaka mingi, mwanamke wa sala na wa maneno makali kwa kuku. Usiku wa pili wa matanga, wakati machozi yamewachosha watu, mjukuu wake mmoja alijifunga kitenge cha marehemu, akashika bakora yake, akapita katikati ya waombolezaji akiburuza mguu kama yeye na kuwafokea kuku wasiokuwepo: “Nyie, mmeokoka nyie? Mbona mnaiba?” Ilikuwa sauti yake kabisa. Wengine wakazuia maji ya kunawa, hapiti mtoto wa marehemu mpaka atoe chochote. Wanawe, watu wazima wenye mvi, walicheka wakilia.

Watani na wajukuu wamefanya kazi hii katika misiba yetu tangu zamani, na najua makanisa mengine yanaionea shaka, hasa pombe ikiingia. Pale haikuwepo. Mchungaji alikaa akatazama mpaka mwisho, kisha akasimama na kuhubiri ufufuo, na watu wakamsikiliza kuliko walivyoweza kumsikiliza mchana. Kwangu mimi, wajukuu wale walikuwa wamekwisha kuungama kwamba bibi yao hakupotea. Marehemu ambaye tunatarajia kumwona tena tunaruhusiwa kumkumbuka na ukorofi wake.

8. Kijana asilazimishwe

Kifungua mimba alipofika kidato cha pili aliacha kupanda Hiace. Akija likizo alikaa pembeni na kitabu. Baba yake hakumwita wala hakumsema. Jioni ya tatu au ya nne alimwambia tu kwamba njia ya Bunda imekuwa na magari mabovu na haina trafiki. Kijana hakujibu. Gari lilipokaribia Makutano akanyoosha mkono bila kuinua macho kwenye kitabu: “Simama. Leseni. Na huyo dereva miguu haifiki breki.” Tangu hapo ndiye trafiki wetu, na hapokei rushwa, nauli za abiria anazisikiliza zote.

Vijana wanataka kicheko kile wanachokiingia kwa mlango wao. Huyu wetu, tulipomtembelea shuleni mara ya mwisho, alitupa kitendawili tumpelekee bibi Butiama: “Nilitoa chakula changu cha mchana, nikarudi nyumbani mama akaniuliza nimekula wapi nikashiba hivi.” Bibi amekifikiria wiki nzima na bado. Ameshatoa Musoma, Bunda na Tarime, zote zimekataliwa. Kijana anataka Dodoma, na bibi anasema Dodoma ni mali ya serikali, yeye hana mamlaka ya kuigawa.